Kutua nyuma ya ndege kubwa bila kubinuliwa

Naandika haya kwa wadogo zangu waliotoka kwenye Caravan, ndege ndogo ya injini moja, juzijuzi, sasa wamekaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye ATR au Dash, ndege za abiria za panga boi, na wameshaanza kuamini kwamba hewa inayovurugwa na ndege kubwa ni tatizo la wenye Cessna. ATR 72 yako inatua na tani 22 na ushei. Boeing 777-300ER iliyokutangulia inaruhusiwa kutua na tani 251. Hapo wewe ni kuku anayevuka barabara nyuma ya lori.

Nimekaa kiti cha kushoto miaka ya kutosha, na siku hizi kazi yangu kubwa ni kuwakagua wengine. Ninachokiona kwa vijana ni kwamba wamekariri mbinu za kujinasua: shika hivi, sukuma vile. Ukiwauliza ndege iliyo mbele yao ni ya aina gani na iko maili ngapi, wanaanza kupapasa skrini. Mimi naona mambo yamegeuzwa kichwa chini. Hewa hii hukwepwa maili kumi au kumi na tano kabla ya njia ya kurukia, na sehemu kubwa ya kazi ni kuhesabu na kufungua mdomo. Mikono inakuja mwisho, na zamu yake ikifika ujue nafasi nyingi zimeshakupita.

Maili zote ninazotaja ni za baharini, na mwendo ni wa noti, yaani maili hizo kwa saa. Abiria wanaopenda kujua kwa nini ndege hutikisika ghafla siku isiyo na wingu hata moja nao wakae wasikilize.

Kinachoachwa nyuma

Kwanza futa habari ya injini. Watu wengi, hata wa kwenye fani, wanadhani tunazungumzia upepo unaotoka kwenye injini. Huo upo, na ukiwa chini unaweza kupindua gari la mizigo, lakini hautembei mbali. Kinachotutesa sisi angani kinatoka kwenye mabawa. Bawa linabeba ndege kwa sababu hewa ya chini yake ina mgandamizo mkubwa kuliko ya juu yake. Kwenye ncha, hewa ya chini inapata upenyo, inakimbilia juu na kujikunja, na ndege inapoendelea mbele inaacha visulisuli viwili vimelala angani, kimoja kwa kila ncha. Ukivitazama kwa nyuma, cha kushoto kinazunguka kufuata mshale wa saa na cha kulia kinazunguka kinyume chake. Kwa hiyo kati ya viwili hivyo hewa inashuka kwa nguvu, na nje yake inapanda.

Vinaanza pale ndege inapoinua pua kuruka na vinakoma gurudumu la pua linapogusa lami wakati wa kutua. Ndege ikiwa nzito zaidi, na ikienda polepole zaidi, visulisuli vinakuwa na nguvu zaidi. Angalia basi ndege kubwa inakuwaje kwenye fainali, ule mstari wa mwisho wa kuelekea kutua: bado nzito, na imeshapunguza mwendo.

Mabawa ya 777-300ER yana upana wa karibu mita 65 kutoka ncha hadi ncha. Visulisuli vyake hukaa kama mita 50 kimoja kutoka kwa kingine. ATR yako ina upana wa mita 27. Ukiingia katikati, unazama tu: kiwango cha kushuka kinaongezeka na wewe unaongeza nguvu za injini bila kuelewa kwa nini. Lakini bawa lako moja likiwa kwenye kiini cha kisulisuli na jingine likiwa upande wa pili wake, moja linasukumwa juu na jingine linakandamizwa chini kwa wakati mmoja. Hapo ndege inabiringika, na vibawa vyako vya pembeni, vile vinavyolaza ndege upande au kuirudisha, vinaweza kuwa vimefika mwisho wa uwezo wake huku bado unaendelea kulala upande.

Jambo la kukaa nalo kichwani ni kwamba vinashuka. Mwanzoni vinashuka kwa futi 300 hadi 500 kwa dakika, kisha vinapunguza kasi na kuning'inia mahali fulani kati ya futi 500 na 900 chini ya njia ya ndege iliyoviacha. Hewa ikiwa imetulia vinadumu dakika mbili, hata zaidi. Hewa ikiwa na fujo ya joto la mchana na upepo wa maana, vinavunjika mapema.

Na kama unadhani futi 1,000 ni nyingi, waulize waliokuwa kwenye Challenger 604, jeti ndogo ya kibiashara, iliyotoka Malé kwenda Abu Dhabi tarehe 7 Januari 2017. Juu ya Bahari ya Arabia walipishana na Airbus A380 iliyokuwa futi 1,000 juu yao. Ndege ikabiringika, ikapoteza maelfu ya futi, watu wakaumia, wakaenda kutua Muscat, na ndege ile haikurudi kazini tena. Hiyo ilikuwa safarini na si kwenye kutua, lakini inakupa picha ya nguvu tunayoizungumzia.

Kuhesabu pengo

Sheria za kuachiana nafasi zilitokana na ajali. Tarehe 30 Mei 1972, huko Fort Worth, Texas, DC-9 ya Delta iliyokuwa kwenye mafunzo ilikuwa ikitua nyuma ya DC-10 iliyogusa na kuruka tena. Karibu na ardhi ikabiringika kulia, ncha ya bawa ikapiga njia ya kurukia, na wote wanne waliokuwemo wakafa. Baada ya hapo wakubwa wa anga walikaa upya kupanga nani amfuate nani kwa umbali gani.

Leo unajua herufi za makundi ya uzito, maana unaziandika kwenye mpango wa safari. L ni ndege ya hadi kilo 7,000. M ni zaidi ya hapo lakini chini ya kilo 136,000. H ni kuanzia 136,000 kwenda juu. J ni A380. Kwa rada, M nyuma ya H huachiwa maili 5, na L nyuma ya H maili 6. Nyuma ya A380 ni maili 7 kwa M na 8 kwa L. Pasipo rada ni dakika: M nyuma ya H dakika 2, L nyuma ya H au M dakika 3.

Sasa tazama hilo kundi la M kwa makini, kwa sababu ndiko tulikowekwa sisi. Ni gunia kubwa mno. Ndani yake kuna ndege ya tani 8 na kuna Boeing 757 inayoweza kuruka na tani 115. Wote M. Kwa hiyo ukiwa na ATR nyuma ya A321 iliyojaa, kitabu hakikupi nafasi yoyote ya ziada kwa ajili ya visulisuli. Unapata umbali wa kawaida wa rada tu, maili 5, au 3 pale inaporuhusiwa. Wenzetu wameanza kulichambua gunia hili: Memphis, Marekani, mwaka 2012, Paris Charles de Gaulle mwaka 2016, na tangu 2020 shirika la anga la kimataifa, ICAO, lina mfumo wa makundi saba pamoja na ule wa manne. Wewe usisubiri makundi. Angalia uzito na mabawa ya aliye mbele, ukubali kwamba M kwa M si lazima muwe sawa.

Halafu badilisha maili kuwa dakika, maana kisulisuli hufa kwa muda, hakijui maili. Ukitembea noti 120 juu ya ardhi, unakula maili 2 kila dakika, na zile maili 5 ni dakika mbili na nusu. Ukiambiwa ushike noti 170 hadi karibu na kiwanja, maili 5 hizohizo zinakwisha kwa dakika 1 na sekunde 46. Bado uko ndani ya sheria, lakini umejinyang'anya sekunde 44 za kisulisuli kuchoka.

Kuna na kujibana. Ndege kubwa mbele yako inafika maili tano kutoka kwenye kizingiti, yaani mwanzo wa njia ya kurukia, inashusha flapu za mwisho na kupunguza mwendo hadi 140. Wewe nyuma bado unasukuma 170. Kila dakika inayopita hivyo, pengo linapungua nusu maili. Mlikuwa mmeachana 5 vizuri kabisa, sasa ni 4 na nusu, na hakuna aliyetamka neno redioni.

Nairobi inaongeza kitu kingine. Kiwanja kiko futi 5,330 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na zile noti 120 unazozisoma kwenye kipimo ni takriban noti 10 zaidi kwa mwendo wa kweli, mchana wa joto hata zaidi. Mtu aliyezoea Dar na Unguja anafika kule akiwa na dakika chache kuliko anavyodhani. Na Nairobi usiku kuna 747 za mizigo zinazobeba maua kwenda Ulaya. Hizo ndizo za kuheshimu.

Skrini ya TCAS, mtambo wa kuonya ndege zisigongane, inakuonyesha aliye mbele na umbali wake. Haikutengenezwa kwa ajili ya kupanga foleni, na mkaguzi akikuona unaitegemea peke yake atakukaripia, lakini mimi simwelewi rubani asiyeitazama. Weka kipimo cha skrini maili 10, mtafute, mtaje kwa sauti: "Mbele yetu ni Dreamliner, maili 6, ametuzidi futi 900." Mwenzako akisikia, mmeshakuwa wawili mnaolinda pengo.

Usipite chini yake

Kwa kuwa visulisuli vinashuka, aliye juu ya njia ya mwenzake yuko salama na aliye chini anatafuta balaa. Kwenye mteremko wa nyuzi 3, ndege inashuka takriban futi 320 kwa kila maili. Ukifuata mstari uleule wa ILS, mawimbi ya redio yanayokuongoza hadi kwenye njia ya kurukia, nyuma ya hevi, yaani ndege ya kundi la H, ukifika pale alipokuwa dakika mbili zilizopita, visulisuli vyake vinakuwa vimeshuka mamia ya futi chini yako. Mstari wenyewe unakulinda. Ukiuacha na kwenda chini, umeacha ulinzi.

Sindano ya mteremko ikikuonyesha uko chini nukta moja, kwa maili 5 hizo ni futi 185 hivi, na kwa maili 2 ni futi 75 tu. Kwa hiyo nyuma ya ndege kubwa usikubali sindano ikuambie uko chini hata kidogo. Kaa kwenye mstari au upana wa sindano juu yake. Kwa taa za PAPI, zile nne za kando ya njia ya kurukia zinazokuonyesha mteremko, nyeupe mbili na nyekundu mbili, na zikibadilika basi ziwe nyeupe tatu, kamwe zisiwe nyekundu tatu. Lakini usiende kukaa juu sana kwa hofu, halafu ukafika futi 500 unashuka kwa pupa. Hilo nalo litakurudisha angani.

Mtego ambao vijana hawauoni uko mapema zaidi. Umeambiwa shuka hadi futi 2,500 juu ya kiwanja, ukae hapo hadi ukutane na mteremko wa ILS kutokea chini. Huo ndio utaratibu tuliofundishwa wote. Sasa hesabu: maili 10 kutoka kwenye kizingiti mteremko uko futi 3,200 hivi. Kama hevi alikuja anateremka moja kwa moja bila kusawazisha, alipita hapo futi 700 juu yako, na visulisuli vyake vinashukia palepale ulipo wewe. Utakutana na mteremko karibu na maili 8, kwa hiyo kuanzia ulipoingia kwenye mstari hadi hapo unatembea sakafuni kwake. Dawa ni kuomba kubaki juu zaidi, uingie kwenye mteremko mapema ukiwa mbali, au kuomba maili zaidi nyuma yake. Ndege nyingi za kwetu haziombi. Sijui aibu hiyo ilitoka wapi.

Upepo wa kuogopa ni ule mdogo

Hapa ndipo ule mstari unaokulinda unapopungukiwa nguvu. Karibu na ardhi kisulisuli hakina tena pa kushukia. Kinafika futi mia na kitu, kinaanza kutambaa kwenda pembeni kwa noti 2 au 3, kila kimoja upande wake, na wakati mwingine kinadunda na kupanda tena. Kwa hiyo futi 200 za mwisho, hata ukiwa kwenye mstari barabara, unaweza kukikuta.

Upepo mkali unakisomba na kukivunja. Hewa iliyokufa inaviacha vyote viwili viondoke vyenyewe. Upepo wa ubavuni wa noti 1 hadi 5 ndio mbaya: kile kisulisuli kilichotaka kutambaa kuuelekea upepo kinazuiwa, na kinabaki kimesimama juu ya njia ya kurukia kinakusubiri. Ukiongezea na upepo wa kutoka nyuma, visulisuli vilivyoachwa kabla ya kizingiti vinasukumwa mbele hadi pale unapotaka kugusa.

Chukua Dar, njia ya 05, unakuja kutokea Pugu na Gongo la Mboto. Wakati wa kusi upepo unatoka kulia kwako. Saa tisa mchana unavuma noti 15 na hakuna kinachobaki. Pambana na ubavu wako utue. Lakini alfajiri, kabla jua halijaamsha bahari, unakuta noti 3, nazo zinatokea bara, nyuma na ubavuni. Mwanafunzi anaona kipimo hicho anafurahi kwamba leo kutua ni laini. Mimi hapo ndipo ninapokaa sawasawa kwenye kiti na kuuliza nani katutangulia. Wakati wa kaskazi mambo ni mepesi kidogo kwa sababu upepo unakuja usoni.

Usitegemee upepo wa mnara pekee. Soma na ule wa kompyuta yako unaposhuka futi 1,000 na futi 500. Hiyo tofauti inakuambia visulisuli vinapelekwa wapi kabla havijafika chini.

Vitabu vya ndege ndogo vinakufundisha: nyuma ya kubwa iliyotua, angalia alipogusa, nawe uguse mbele ya hapo, nyuma ya kubwa inayoruka, uguse kabla ya pale alipoinua pua. Kwa Caravan kwenye njia ya mita 4,600 ya Dar, sawa kabisa, lami unayo ya kuchezea. Kwa ndege ya abiria yenye eneo lake la kugusia, usianze kuelea mita elfu moja kutafuta mahali pasafi. Kama unaona utahitaji kufanya hivyo, basi pengo lilikuwa dogo tangu mwanzo. Na hevi aliye mbele yako akighairi kutua na kupaa, visulisuli vyake vimelala juu ya njia yote. Hesabu upya.

Mdomo

Hili ndilo ninalolirudia hadi wananichoka. Siku ni nyeupe, unaiona ndege ya mbele, mwongoza ndege anakuuliza kama unaiona. Unajibu ndiyo. Anakuambia ifuate, jilindie umbali mwenyewe. Ukiitikia, tangu sekunde hiyo umbali wa visulisuli umekuwa mzigo wako. Yeye hatakuhesabia tena maili 5. Atakupa onyo la mdomo tu. Marubani wengi wanaitikia kwa mazoea, kwa sababu inafupisha safari dakika tatu.

Wewe ukiwa nyuma ya hevi, jibu kwamba unaiona lakini unaomba uendelee na ILS na nafasi kamili. Ni sentensi moja. Hakuna mwongoza ndege aliyenifokea kwa hilo, na angefoka ningelipokea. Ukiona pengo linajibana, sema unapunguza mwendo. Ukiona halitoshi kabisa, omba mzunguko mmoja. Na wewe wa kulia, kama kapteni wako ameitikia haraka, mwambie, "Kapteni, huyo ni hevi, tuko maili 4 na nusu." Heshima yake haipungui kwa kusikia namba.

Kinyume chake, ukiagizwa upunguze mwendo, punguza sasa hivi. Tarehe 4 Novemba 2008 Learjet 45 iliyombeba waziri wa mambo ya ndani wa Mexico, Juan Camilo Mouriño, ilikuwa inakaribia kutua Mexico City nyuma ya Boeing 767-300. Learjet ile ilikuwa M, kama wewe, na kiwanja kiko juu kuliko Nairobi. Waliambiwa wapunguze mwendo, wakachelewa. Pengo lilikuwa limebaki maili 4 na kidogo badala ya 5. Ndege ikapinduka na kuanguka mtaani saa ya foleni. Wote waliokuwemo walikufa pamoja na watu waliokuwa barabarani.

Ikishakukamata

Mara nyingi inabisha hodi: mitikiso miwili mitatu midogo ya haraka, bawa moja linashtuka. Ukiisikia nyuma ya ndege kubwa katika hewa tulivu, usingoje uthibitisho. Panda kidogo au jiondoe.

Kiwanja kimoja cha pwani, jioni, bahari imelala kama haipo, tulikuwa nyuma ya ndege kubwa ya injini mbili kwa umbali halali. Rubani msaidizi, binti mmoja mtulivu, ndiye aliyekuwa anaendesha. Tukapata mitikiso miwili. Kabla sijamaliza kusema neno, bawa la kushoto likaanguka hadi nyuzi thelathini na zaidi, otopailoti ikajitoa kwa kelele zake, kalamu iliyokuwa kwenye ubao wangu ikanipita sikioni. Niliangalia miguu yake kwanza. Ilikuwa imetulia. Mkono wa kulia ukageuza usukani kinyume, taratibu, hadi karibu na mwisho, ukakaa hapo. Ndege ikasita, kisha ikarudi, na alipoona inarudi akaanza kuulegeza kabla mabawa hayajalingana, ili isipitilize upande wa pili. Nikasema tupae, naye alikuwa ameshasukuma nguvu. Mambo yote yalichukua muda wa mtu kupiga chafya. Chini, bibi mmoja akishuka ngazi akanishika mkono: "Mwanangu, lile shimo mlilikuta wapi?" Nikamwambia tumeachiwa na aliyetutangulia.

Nimetaja miguu kwa sababu ndiyo inayoua. Tarehe 12 Novemba 2001 Airbus A300-600 ya American Airlines iliruka kutoka JFK, New York, nyuma ya 747 ya Japan Airlines. Ilikutana na visulisuli ambavyo vyenyewe visingeiangusha. Rubani msaidizi akasukuma pedali za usukani wa mkia kwa nguvu, kulia, kushoto, kulia, kushoto, hadi mkia ukakatika. Walikufa watu 265, wakiwemo watano waliokuwa chini. Ilikuwa kwenye kuruka, lakini mguu ni uleule. Kwa hiyo visigino sakafuni. Mabawa yanarudishwa kwa vibawa vya pembeni, kwa ulaini, bila kubadilisha upande ghafla. Otopailoti ikiwa bado inashika na inaweza, iache. Ikijitoa, usihangaike kuirudisha wakati ndege bado inabiringika. Kisulisuli chenyewe kwa kawaida kinakutema baada ya sekunde chache, na msaada wako mkubwa ni kutokiongezea.

Kisha amua bila kujadiliana. Chini ya futi 1,000 ndani ya wingu, au 500 ukiwa unaona nje, kama mwendo, mteremko au mabawa havijakaa sawa, paa. Kupaa kunakutoa juu ya tatizo. Kama aliye mbele naye amepaa, omba kugeukia upande upepo unakotoka, maana visulisuli vyake vinapelekwa kule kwingine.

Wahudumu wa ndani wawe wameketi na kufunga mikanda mapema ukijua utamfuata hevi. Waambie kwenye maelezo ya kushuka, sentensi moja inatosha. Na wewe abiria unayesimama kuchukua begi kabla taa ya mkanda haijazimwa, nadhani sasa umenielewa.

Ukishaegesha

Mwambie mwongoza ndege hapohapo redioni, ili anayekufuata apewe nafasi. Kisha andika taarifa siku hiyohiyo, kabla kumbukumbu haijapambwa: urefu, maili kutoka kwenye kizingiti, ndege ya mbele ni aina gani na ilikuwa umbali gani, upepo wa kompyuta wakati ule, ulilala nyuzi ngapi na upande upi, otopailoti ilijitoa au la, sindano ya mteremko ilikuwa wapi. Usiandike tu "mtikisiko mkali". Hakuna anayeweza kufanya lolote na maneno hayo. Uliza wahudumu kama kuna aliyeumia, hata kwa kugonga kiwiko.

Na kabla ndege haijapangiwa safari nyingine, mwite fundi, umweleze ilivyokuwa, umwombe asome rekodi za ndege. Kubiringika kwa ghafla na kurudishwa kwa nguvu kunaweza kuvuka kiwango ambacho kitabu cha matengenezo kinadai ukaguzi. Ofisi itapiga simu kuuliza abiria wa saa moja wanapanda lini. Waambie fundi yuko kazini, na akisema ndege ilale, ilale.